Takwimu za tasnifu zinapogoma: anza na dalili, rudi nyuma hadi kwenye chanzo

Mwanafunzi wa uzamivu anayetafuta msaada wa takwimu kwa kawaida husema moja kati ya mawili: "Natafuta mtu wa kunichambulia data," au "SPSS imenigomea," yaani ile programu ya takwimu. Kauli zote mbili hazimpi msaidizi pa kushika. Anachohitaji ni dalili: umeona namba gani, kwenye jedwali lipi, na ulitarajia kuona nini. Kosa linaloonekana kwenye matokeo ni nadra kuwa limezaliwa hapo hapo. Limezaliwa kwenye hojaji, kwenye kuingiza data, au siku ile faili lilipofunguliwa kwa Excel mara moja tu kisha likahifadhiwa. Ndiyo maana hapa tunakwenda kinyumenyume, kutoka kwenye kioo cha kompyuta hadi uwandani.

Sharti moja kabla ya kugusa chochote: faili ghafi lihifadhiwe pembeni bila kuguswa, na kazi yote ifanyike kwenye nakala. Kama ulikusanya kwa KoboToolbox au ODK (programu za kukusanyia data kwa simu) na umeshaharibu nakala uliyonayo, usihangaike kuirekebisha. Pakua upya kutoka kwenye seva.

## Wastani umetoka wa ajabu

Tuseme ulihoji watu 300 sokoni, wengi wa makamo, na umri wa wastani umetoka 74.5. Sababu ya kwanza ya kushuku ni tarakimu za majibu yaliyokosekana. Watu 288 wenye wastani wa miaka 36, ukiwachanganya na 12 ambao karani aliwaandikia 999 kwa maana ya "hakujibu", wanatoa hiyo 74.5. Programu haijui kwamba 999 ni alama. Imeihesabu kama umri.

Huyo wa 999 ni adui mwema kwa sababu anajionyesha. Hatari ni 99. Watu wale wale 12 wakiandikiwa 99, wastani unatoka 38.5, na hapo hakuna atakayeshtuka, si wewe wala msimamizi wala mtahini. Namba inapita hadi kwenye tasnifu iliyojaladiwa. Kwa hiyo usisubiri wastani ukushtue. Kwa kila kigeu (yaani kila kitu ulichopima, kama umri au kipato) toa thamani ya chini kabisa, ya juu kabisa, na idadi ya waliojibu, kabla ya kipimo kingine chochote. Kwenye SPSS unatangaza alama hizo katika safu ya Missing ndani ya Variable View. Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, kuna amri ya mvdecode. Kwenye R, nyingine tena, unazigeuza kuwa NA, yaani hakuna jibu.

Wanaotumia data za tafiti za kitaifa za afya (DHS), kama ile ya Tanzania ya 2022 au ya Kenya ya mwaka huo huo, wana mtego wao wa ziada. Kigeu hw70, kinachobeba urefu wa mtoto ukilinganishwa na wa watoto wa umri wake, kimeandikwa bila nukta ya desimali: -152 maana yake ni -1.52. Juu ya hapo kuna 9996, 9997 na 9998, ambazo ni alama za vipimo visivyoaminika. Ukikosa kuziondoa, watoto wa mkoa mzima wataonekana warefu kama minazi, na udumavu utapungua kwenye karatasi yako peke yake.

## Programu inakataa kukokotoa, au inasema namba ni maandishi

Karibu kila mara ni chembe ndogo ndani ya safu. Mtu mmoja ameandika "miaka 34" badala ya 34, mwingine "30-35", mwingine ameacha nafasi tupu nyuma ya namba. Panga safu kwa mfuatano. Yasiyo namba yatajikusanya mwanzoni au mwishoni.

Kama data imetoka Lubumbashi au Bujumbura, angalia alama ya desimali. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Kifaransa huandika 3,5 na kutenganisha safu za CSV (faili la data la maandishi matupu) kwa nukta-mkato. Iliyowekwa kwa Kiingereza inasubiri 3.5 na koma. Faili likivuka mpaka, 3,5 inaweza kugeuka maandishi, au ikasomeka 35, jambo ambalo ni baya zaidi. Rekebisha wakati wa kuingiza faili, kwenye dirisha linalokuuliza alama ya desimali. Usitafute-na-kubadilisha koma zote baadaye. Utabadilisha na zisizohusika.

Tarehe nazo: 3/4 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Na Excel hugeuza chochote kinachofanana na tarehe kuwa tarehe. Wataalamu wa jeni walisalimu amri: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilithibitisha majina mapya kwa jeni kama SEPT1 na MARCH1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyasoma kama Septemba na Machi. Wewe huna kamati. Weka safu iwe maandishi kabla ya kubandika.

## Duru ya kwanza na ya pili hazikutani

Ulihoji kaya 250, ukarudi baada ya mwaka, na sasa kuunganisha mafaili kunaleta kaya 170 tu, au kunaleta 900. Zikipungua, tafuta sifuri iliyoliwa: kitambulisho 00417 kimekuwa 417 upande mmoja. Zikizidi, kuna vitambulisho vilivyojirudia. Stata hugoma kuunganisha moja kwa moja ikiona marudio, na hapo wengi hubadili amri kuwa m:m (wengi kwa wengi) ili ujumbe wa kosa uondoke. Ujumbe unaondoka kweli, na watu wasiohusiana wanaozeshwa kimya kimya. Rudi ukatafute waliojirudia, mmoja mmoja, ukiwa na daftari la uwandani mkononi.

## Alfa ya Cronbach imetoka hasi, au imetoka nzuri mno

Alfa hupima kama kauli za kipimo kimoja zinakwenda pamoja. Ikitoka hasi au ndogo sana: kuna kauli zilizoulizwa kinyume ambazo hukuzigeuza. Kama kauli tano zinasifu huduma na moja inasema "Wahudumu hapa hawasikilizi wagonjwa," alama ya hiyo moja lazima igeuzwe, 5 iwe 1 na 4 iwe 2, kabla ya kukokotoa. Angalia pia jinsi kauli za kukanusha zilivyojibiwa. Ukimuuliza mtu "Hujawahi kukosa dawa hapa?" akasema "Ndiyo," anaweza kuwa amekubali kwamba hajawahi, na karani mwingine akaandika kwamba amewahi. Hilo halitibiki kwa programu. Waulize makarani walikuwa wanaandikaje, na kama hawakuwa wakiandika namna moja, kauli hiyo iache na useme kwenye sura ya mbinu kwa nini umeiacha.

Alfa ya 0.98 nayo si ya kushangilia. Watu hukariri kwamba juu ya 0.7 ni salama, wakasahau upande wa pili. Ama umeuliza swali lile lile kwa maneno kumi, ama mtu amejaza fomu chini ya mwembe. Njia ya mwongo ni fupi: kama fomu yako iliwekewa muda wa kuanza na kumaliza, tazama mahojiano yaliyochukua dakika nne ilhali majaribio yalichukua arobaini. Tazama pia karani ambaye wahojiwa wake wote wamejibu 4, 4, 4, 4.

## Kila kitu kina maana ya kitakwimu

Dogo kwanza. SPSS ikiandika .000 haimaanishi uwezekano ni sifuri. Imeonyesha tarakimu tatu tu. Kwenye tasnifu andika p < 0.001 (p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama yako kwa bahati tu).

Kubwa sasa. Kama karibu kila jaribio linapita, swali ni kama wahojiwa wako kweli ni wengi kama programu inavyodhani. Chukua shule 20, kila shule wanafunzi 20, jumla 400. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, jengo moja, uji mmoja wa saa nne, wanafanana. Kiasi cha kufanana huko hupimwa kwa namba iitwayo ICC. Ikiwa ni 0.1, basi athari ya mpangilio wa sampuli ni 1 + (20 - 1) × 0.1, yaani 2.9. Gawanya 400 kwa 2.9, unabaki na taarifa ya watu kama 138 waliochaguliwa mmoja mmoja. Programu isiyoambiwa kuhusu shule inakupa makosa sanifu (kiasi ambacho makadirio yanaweza kuyumba) ya watu 400, na p zinashuka zote kwa pamoja. Tiba ni kuiambia: tumia modeli za ngazi nyingi, au makosa sanifu yanayozingatia makundi. Hili ndilo swali ambalo mtahini wa nje mwenye takwimu kidogo atauliza kwanza, na ndilo ambalo "mtu wa kuchambua" wa haraka halijali kabisa.

Kwenye tafiti za kitaifa unaongeza uzito. Kwa sensa ya 2022, Zanzibar ina takriban asilimia 3 ya watu wote wa Tanzania, lakini ina mikoa mitano kati ya 31, na kila mkoa unahitaji kaya za kutosha ili usemewe. Hivyo Wazanzibari kwenye sampuli ni wengi kuliko sehemu yao nchini. Ukikokotoa asilimia ya Tanzania bila uzito, unaipa Zanzibar sauti isiyo yake, na Dar es Salaam au Mwanza zinapunjwa. Kwenye Stata, kwa mafaili ya wanawake na ya watoto, ni mistari miwili:

gen uzito = v005/1000000
svyset v021 [pweight=uzito], strata(v023)

Baada ya hapo kila amri inatanguliwa na svy. Kigeu cha tabaka hubadilika kwa baadhi ya tafiti za zamani, kwa hiyo soma kiambatisho cha sampuli kwenye ripoti yenyewe. Kipimo cha kujua umefanya sawa ni rahisi na wachache hukifanya: chagua jedwali moja la ripoti rasmi, ulitoe mwenyewe. Asilimia zikilingana, endelea. Zisipolingana, hujawa tayari kufanya regresheni (kupima uhusiano wa vigeu kadhaa kwa pamoja).

## Hakuna chochote kilichotoka

Hapa ndipo watu huharibu tasnifu nzuri. p imetoka 0.08, juu ya kikomo cha kawaida cha 0.05, na mwanafunzi anaanza kukata umri makundi mapya, kuondoa wilaya moja, kujaribu kipimo kingine. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana, kila moja kwa kiwango cha 0.05, kwenye data isiyo na uhusiano wowote, uwezekano wa angalau moja kupita ni kama asilimia 64. Utapata unachokitafuta, na hakitakuwepo.

Chanzo halisi mara nyingi ni ile sampuli ya watu 384. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linakomea hapo, na fomula ya Yamane ya kazi hiyo hiyo inakaribia 400 idadi ya watu ikiwa kubwa, kwa hiyo tasnifu za vyuo vyetu zimejaa 384 na 400. Lakini namba hizo zinajibu swali jingine: kukadiria asilimia moja, kwa kosa la pointi 5 kila upande, kwa sampuli ya bahati nasibu. Hazisemi lolote kuhusu kulinganisha makundi. Ukitaka kugundua tofauti ya asilimia 50 dhidi ya 60, kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani uigundue mara nane kati ya kumi kama ipo kweli), unahitaji karibu watu 390 kwa kila kundi. Wewe ulikuwa na 192 na 192.

Kama bado uko kwenye pendekezo la utafiti, tumia G*Power, programu ya bure ya chuo kikuu cha Düsseldorf, kabla hujaenda uwandani. Kama umesharudi, ripoti tofauti uliyoiona pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95, sema wazi yana upana gani, na usiandike kwamba "hakuna uhusiano". Hukuwa na darubini ya kuuona, na hilo si sawa na kusema haupo.

## Uwiano wa odi umefika mamilioni

Uwiano wa odi hulinganisha odi za tukio (wanaopatwa dhidi ya wasiopatwa) kati ya makundi mawili. Ukilipuka hivyo, kuna chumba kitupu kwenye jedwali. Jedwali la mkato la vigeu viwili litakuonyesha kwamba, kwa mfano, wenye shahada wote walijifungulia hospitali, hakuna hata mmoja nyumbani. Unganisha makundi kama yana mantiki, au tumia njia ya Firth, inayovumilia vyumba vitupu. Uwiano ukitoka kinyume na ulivyotarajia (0.4 mahali pa 2.5), angalia kundi la kulinganishia kabla ya kuandika aya nzima ya kueleza maajabu hayo.

Ujumbe wa chi-mraba kwamba vyumba vina idadi inayotarajiwa chini ya 5 ni ndugu wa tatizo hilo hilo. Kwa jedwali dogo tumia kipimo cha Fisher.

## Grafu

Zenye ukungu kwenye karatasi zimepigwa picha ya skrini, au Word imezibana. Hamisha grafu kutoka kwenye programu kwa PDF, SVG au EMF. Ikibidi iwe picha, iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule ule utakaochapwa. Kisha ndani ya Word, kwenye mipangilio, zima kubana picha.

Zisizosomeka zikitolewa nyeusi na nyeupe: chapa ukurasa mmoja kwenye mashine ya stesheneri kabla hujachapa nakala zote. Nyekundu na kijani zinakuwa kijivu kimoja, na kuna watahini wasiozitofautisha hata zikiwa za rangi. Tumia mistari ya aina tofauti, au rangi za viridis ambazo zinapishana kwa mwanga pia.

Pau zinazoonyesha tofauti kubwa kuliko ilivyo: mhimili wima umeanzia 60 badala ya 0. Pau lazima zianzie sifuri kwa kuwa jicho linasoma urefu wake. Chati za nukta hazifungwi na sharti hilo. Chati duara za vipande tisa zenye unene wa 3D hazihitaji kurekebishwa. Zifute, weka jedwali.

Vijiti vya makosa visivyo na maelezo ni kosa la kimya. Kama kijiti ni mchepuko sanifu, kinasema wahojiwa wanatofautiana kiasi gani. Kama ni kosa sanifu, kinasema una uhakika gani na wastani. Na cha pili ni kifupi zaidi daima. Andika ni kipi, chini ya mchoro.

Kuhusu uhusiano wa vigeu viwili, usiweke namba bila mchoro. Mwaka 1973 Anscombe alichapisha seti nne za data, zote na wastani wa x 9, wastani wa y 7.5 na koreliesheni 0.82. Ukizichora, moja ni mstari wenye mtawanyiko wa kawaida, moja ni upinde, na mbili zimebebwa na nukta moja iliyopotea njia. Kwenye tasnifu yako nukta hiyo inaweza kuwa kaya moja yenye ng'ombe 400.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wana kazi ndogo ya ziada: Count, Mean na Percent zinazobaki kwenye mihimili. Badilisha lebo ndani ya programu, kwenye lebo za vigeu za SPSS au labs() ya ggplot2. Ukiandika juu ya picha kwa kalamu ya Word, utarudia kila data inapobadilika.

## Umesaidiwa, lakini hali ni ile ile

Matokeo yamerudi kwa WhatsApp, kurasa 60 za PDF, na huwezi kumweleza msimamizi kwa nini ilitumika regresheni ya logistiki. Chanzo ni makubaliano ya mwanzo. Uliomba matokeo, ulipaswa kuomba njia. Dai mambo matatu kabla ya malipo ya mwisho: faili la amri (sintaksi ya SPSS, do-file ya Stata au skripti ya R), data iliyosafishwa pamoja na orodha ya kilichobadilishwa, na kikao ambacho wewe ndiye unaeleza na yeye ndiye anauliza. Anayekataa kutoa amri ana sababu, na hakuna sababu nzuri.

Kwa upande wako, mpelekee maswali ya utafiti, hojaji, maelezo ya jinsi sampuli ilivyopatikana, na data isiyo na majina, namba za simu wala GPS. Sheria za kulinda data binafsi zipo Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022, na kibali chako cha maadili huenda kimetaja nani anaruhusiwa kuiona. Tahadhari hiyo hiyo inahusu programu za akili bandia: zinaandika amri vizuri na kueleza ujumbe wa makosa, lakini data ya wahojiwa si ya kupakia humo, na amri zilizobuniwa nazo hutoa jibu lenye sura nzuri hata pale lilipokosewa. Soma kanuni za chuo chako kuhusu msaada unaoruhusiwa, na mtaje aliyekusaidia kwenye shukrani.

Ukiulizwa "unataka p iwe ngapi?" chukua data yako uondoke.

## Watahini wameomba uchambuzi urudiwe, na mtaalamu hapatikani

Ukiwa na faili la amri, unabadilisha mstari mmoja na kuliendesha upya. Kama huna, anza na faili ghafi na jedwali la kwanza kabisa, lile la sifa za wahojiwa. Usisogee hadi idadi ya watu ilingane na iliyo kwenye tasnifu: kama umeandika 312 na unapata 319, kuna saba walioondolewa, na sababu ya kuondolewa kwao iko kwenye data. Mara nyingi ni walio chini ya umri, fomu zilizojirudia, au walioacha swali kuu bila jibu. Andika kila hatua kama amri, kisha nenda jedwali la pili. Usipofika kwenye namba za zamani kwa njia yoyote unayoweza kuitetea, tumia mpya, panga jedwali dogo la zamani dhidi ya mpya, na umpelekee msimamizi kabla ya kuandika barua ya kujibu watahini.